Kizimba Kwanza, Injini Baadaye

(Mazungumzo na timu za ridhaa za mbio za magari, Jinja)

Asanteni. Kaeni, viti vipo huku mbele. Naona mmeegesha ile Subaru Impreza hapo nje na boneti iko wazi, maana yake mnataka tuzungumze injini. Hatutazungumza injini. Tutazungumza kizimba, ile fremu ya mabomba inayoungwa ndani ya gari ili kuwalinda waliomo likibingirika. Walionisikia Mbarara wanajua nitakachosema. Hao wanaweza kwenda kunywa chai warudi nikifika kwenye tairi, ingawa siahidi kwamba nitafika.

Timu ya ridhaa inazaliwaje? Marafiki wanachanga pesa, wananunua gari lililochoka, na kilichobaki mfukoni kinakwenda kwenye tabo ya kuipa injini nguvu na ekzosi ya kupigia kelele mtaani Walukuba. Imebaki wiki moja kabla ya mbio, mtu anakumbuka: jamani, kizimba! Basi anatumwa mdogo wao atafute bomba. Bomba gani? Lolote litakalopatikana. Huo ndio ugomvi wangu na nyinyi, na mwakani nitakuja kugombana tena.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kifungu cha 253 cha Kiambatisho J, hazisemi "bomba lolote". Zinataka chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono, chenye nguvu ya mvutano isiyopungua niutoni 350 kwa milimita ya mraba. Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Wanaotaka kuandika waandike.

Sasa niwasimulie habari ya kijana mmoja, jina lake nalihifadhi. Alileta Corolla, kizimba kimepakwa rangi nyekundu kinang'aa kama kitanda cha bibi harusi. Nikamuuliza, mwanangu, chuma hiki umekitoa wapi? Akasema, "Mzee, hiki ni chuma cha nguvu." Nikamwambia sikuuliza nguvu, nimeuliza kimetoka wapi. Kimya. Nikaomba drili, tukatoboa tundu dogo pasipoonekana, tukapima kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene. Unene haukufika hata milimita 2. Tukakwangua rangi, chini yake tukaona mng'ao wa zinki. Bomba la maji, ndugu zangu, lenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho. Na zinki ikipata moto wa kuchomelea inageuka mvuke, mvuke unaacha vitundu ndani ya mchomeleo. Kwa nje unaona mchomeleo mzuri, kwa ndani ni sifongo.

Mnajua alinijibu nini? "Mzee, mbona bomba hili hili linabeba tangi la maji pale nyumbani na halijaanguka?" Nikamwambia tangi lenu la maji halijawahi kubingirika mara nne kwenye shamba la miwa la Kakira. Alinuna. Akaondoka na Corolla yake bila kuniaga.

Alirudi, lakini. Tukakikata kile kizimba, na hapo ndipo tulipoona jambo lililonikasirisha kuliko bomba lenyewe. Viungo vyote vya juu, vile vinavyokaribia paa, vilikuwa vimechomelewa upande wa chini tu. Upande wa juu hakuna kitu! Fundi hakuwa mwizi. Mkono wake haukuweza kupita kati ya bomba na paa, akapaka rangi akanyamaza. Na gari likilalia paa, ni viungo hivyo hivyo vinavyopokea mzigo wote.

Dawa yake ipo, na si ya gharama. Unatoboa sakafu pale miguu ya kizimba itakapokaa, unakishusha kizimba kizima kupitia matundu hayo, paa linabaki mbali, unachomelea kila kiungo mzunguko mzima. Ukimaliza unakipandisha, unaziba sakafu kwa mabamba, unasimamisha miguu juu yake. Mguu wa kufunga kwa bolti unataka bolti tatu za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, zenye daraja la nguvu la 8.8, na chini yake bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120, ili mguu usitoboe sakafu siku ya siku. Kazi hiyo huwezi kuifanya ndani ya gari lenye waya, dashibodi na zulia. Utaliunguza. Ndiyo maana nasema gari livuliwe libaki bati tupu kwanza. Injini ikae pembeni, imefunikwa turubai, isubiri zamu yake.

Kuna mtu ananiangalia vibaya pale nyuma. Najua unachotaka kusema: "Mkaguzi wa mbio si atakiona?" Mkaguzi ana magari mengi, mchana mmoja, na mbele yake kuna rangi nyekundu inayong'aa. Akikupitisha, amekupitisha wewe. Mti wa barabarani haujui kama ulipitishwa. Wengine mtasema nawadharau mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala. Sina ugomvi na Katwe! Mikono ile ina ufundi ambao sijauona pengine. Lakini ukimpelekea fundi bomba la maji atakuchomelea bomba la maji. Ukimwambia fanya haraka atalijaza mchanga, alichome moto, alikunje, na kanuni inataka chuma kikunjwe kikiwa baridi, kwa mkunjo wenye nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya kipenyo cha bomba. Mpelekee chuma sahihi na karatasi ya vipimo, uone.

"Kizimba kinaongeza uzito." Ndiyo. Na bila hicho bodi inajipinda. Barabara ya changarawe ya Kayunga inapiga kila gurudumu, pigo linapanda kwenye shokapu, linaishia pale shokapu ilipofungwa kwenye bodi. Bati linapasuka, magurudumu yanapoteza mkao, na wewe unahangaika unabadilisha shokapu zisizo na kosa. Kizimba kilichoungwa na sehemu hizo kinaishikilia bodi.

Halafu tuseme ukweli kuhusu kununua. Impreza ile ya kwanza, GC8, iliacha kutengenezwa mwaka 2000. Sheria ya Uganda ya 2018 ikazuia kuingiza magari yenye miaka 15 na kuendelea. Sasa hesabu mwenyewe. Injini ukiiua utazunguka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utapata nyingine. Bodi nyingine utaitoa wapi? Kwa hiyo ukienda kununua, acha kusikiliza injini inavyonguruma. Lala chini ya gari na tochi na bisibisi, gonga sakafu, gonga vizingiti vya milango, tafuta kutu. Injini mbovu ni ya kuombea punguzo.

Wa mwisho atasema mbio hushindwa kwa kasi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mbio za Safari Rally akiwa na Datsun 240Z baada ya kufungana pointi na mwenzake, Harry Källström. Waliomaliza walikuwa wachache. Kwanza ufike mwisho, halafu tujadili kasi.

Naona mwenyeji ananionyesha saa. Haya, mbiombio. Viti na mikanda: vina lebo ya tarehe, someni kabla ya kulipa, mikanda ya bei ya kutupa mara nyingi muda wake umekwisha. Vifaa vya kuzimia moto viwepo na vifungwe, visizungukezunguke miguuni. Msoma ramani mchagueni mapema, mkae naye, asiwe shemeji aliyekosa safari ya wikiendi. Tairi... tairi nitazungumza siku nyingine, nilisema siahidi. Giaboksi vilevile.

Maswali nitayapokea hapo nje, na wenye hiyo Impreza mfunge boneti mniletee tochi. Nataka kuona sakafu.