Barua ya Saa Kumi Jioni: Maisha ya Afisa Habari

NEEMA: Karibuni tena. Tuko Kijenge, Arusha, mvua inapiga bati, kwa hiyo mkisikia kelele mtuvumilie. Eli, leo tunaongelea kazi uliyoikimbia.

ELI: (anacheka) Sikukimbia bwana, mkataba uliisha. Miaka minne afisa habari wa halmashauri moja, jina tuliache huko huko.

NEEMA: Vijana wanauliza: nimesoma uandishi wa habari, serikalini naingiaje?

ELI: Njia haina siri. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo wao, unaitwa usaili. Kwanza mtihani wa kuandika, ukipenya unakwenda kuhojiwa. Ukitaka mambo ya nje, kuna Chuo cha Diplomasia, Kurasini, Dar. Hapo ndipo pepesi.

NEEMA: Pagumu?

ELI: Kupata habari ofisini kwako mwenyewe! Sikia. Soko linafungwa siku mbili, mitaro izibuliwe. Saa mbili asubuhi nimeshaandika barua ya tangazo, mistari sita. Ikaenda kwa mkuu wa kitengo, ikaenda kwa mwanasheria, ikarudi: "Hilo neno mitaro toa, tutaonekana tumezembea." Saa kumi jioni inatoka na mhuri, nembo juu, aya nne. Mitaro haimo. Siku ya kufungua nayo haimo!

NEEMA: Sasa mlitangaza nini?

ELI: "Maboresho." Na tangu saa sita mchana mama mmoja wa ndizi alishatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp kwamba soko limeuzwa kwa tajiri.

NEEMA: Ningemwamini mama wa ndizi.

ELI: Hata mimi! Kesho yake nikashuka sokoni na viatu vyangu vya ofisini, nikamwonyesha mtaro, tope jeusi, mifuko ya viroba imejaa mpaka juu. Akatazama, akaniambia, "Sasa mwanangu, hili si mngelisema tu?"

NEEMA: (anacheka) Pole. Haya, na diplomasia ya umma, yaani kuongea na wananchi wa nchi nyingine? Mimi nikisikia hivyo naona suti na zulia jekundu.

ELI: Wewe umekulia mji huu, unapita AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, kila siku. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale. Hukumu ya kwanza baada ya kesi kusikilizwa, ya Akayesu aliyekuwa meya wa Taba, ilisomwa Septemba 1998. Sasa piga picha: hukumu inasomwa Arusha, waliofiwa wako Rwanda, mahakama inafanya kazi kwa Kiingereza na Kifaransa. Bibi wa Taba anayeongea Kinyarwanda ataijuaje?

NEEMA: Si walifungua kituo cha habari Kigali?

ELI: Umusanzu, ndiyo. Mwaka 2000.

NEEMA: Na mahakama iliundwa 1994. Miaka sita! Hiyo si ile barua yako ya saa kumi jioni?

ELI: Umenipiga bao. Ndiyo yenyewe.

NEEMA: Halafu mahakama hiyo hiyo, Desemba 2003, ikawatia hatiani watu wa habari kwa kuchochea mauaji yale. Nahimana na Barayagwiza wa redio RTLM, na Ngeze wa gazeti la Kangura.

ELI: Rufaa ya 2007 ikawafutia baadhi ya makosa na kuwapunguzia vifungo, ila hakuna aliyetoka. Mimi ningemsomesha hukumu ile kila anayeajiriwa kuwasemea wakubwa, kabla hajafundishwa kushika kamera. Siku bosi anapokuletea sentensi inayowataja watu kama wadudu, unatakiwa ujue unashika nini mkononi.

NEEMA: Swali la mwisho, la msikilizaji wetu wa mtaa wa Sakina. Wakikuita tena, utarudi?

ELI: Wakinipa namba ya mkurugenzi mwenyewe, nimpigie saa mbili ile ile asubuhi, kesho niko ofisini.

NEEMA: Na mitaro?

ELI: Mitaro inabaki kwenye rasimu.