Korosho, mbaazi na ini bichi: kuonyesha kinachotokea ndani ya mshipa wa damu

Habari za saa hizi, na wakubwa zangu shikamooni. Leo tuko barazani hapa Mikindani, na mezani kuna vitu vya kawaida tu: korosho kumi zilizobanguliwa, kiganja cha mbaazi kavu, karatasi ya manila, kalamu, kipande cha ini bichi la ng'ombe, glasi mbili, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda.

Kwanza, chora. Piga mistari miwili upate njia tatu. Kushoto andika DAMU, kulia andika MISULI LAINI. Njia ya katikati iwe nyembamba, andika ENDOTHELIA. Ni tabaka la seli moja tu, lakini usilidharau: mwaka 1980 watafiti Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kuwa mshipa wa sungura ukikwanguliwa tabaka hilo, asetilikolini, kemikali ambayo kwa kawaida huulegeza, haiulegezi tena.

Pili, panga korosho zote katikati. Kila moja ni molekuli ya naitriki oksaidi, ambayo seli hizi huitengeneza kwa kutumia aginini (aina ya asidi amino) na oksijeni. Zisukume kwa kidole, moja moja, mpaka kwenye misuli. Zikifika, misuli inalegea, mshipa unatanuka. (Hapa tumerekodi mara mbili. Mara ya kwanza mpwa wangu alishakula molekuli tatu.)

Tatu, rudisha korosho katikati, kisha dondosha mbaazi nne. Mbaazi ni supaoksaidi, yaani oksijeni iliyobeba elektroni moja ya ziada. Inatoka kwenye mitokondria, pia kwenye kimeng'enya kiitwacho NADPH oksidesi, ambacho homoni ya anjiotensini II hukichochea. Sukuma tena, ila korosho ikigusana na mbaazi, zitoe zote mbili uziweke pembeni. Sogeza kamera. Zimevuka ngapi? Sita. Waliotengeneza hawajapunguza kazi, mzigo umepotelea njiani.

Yale majozi ya pembeni usiyatupe bado. Hiyo sasa ni peroksinaitraiti, na mimi kwangu hapa ndipo penye utamu wa somo zima. Inaharibu tetrahaidrobiopterini, msaidizi wa kile kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksaidi. Msaidizi akikosekana, kimeng'enya hakilali. Kinaendelea kuchapa kazi, ila elektroni zake kinaipa oksijeni. Kwa hiyo mkono wako uliokuwa unaweka korosho, sasa uweke mbaazi. Weka moja, nyingine, nyingine. Kiwanda kilekile kimeanza kutoa kile kinachokula bidhaa yake. Sukuma korosho uone ngapi zinafika.

Nne, tuje kwenye ini. Seli zina kimeng'enya kinachogeuza supaoksaidi kuwa haidrojeni peroksaidi, na hiyo nayo lazima iondolewe. Kata vipande viwili vya ini, kila kimoja ukubwa wa korosho. Kimoja kichemshe dakika kumi, kiache kipoe. Mimina vijiko viwili vya peroksaidi kwenye kila glasi. Vaa glavu na usisogeze uso. Tumbukiza.

Ona ile bichi! Povu linapanda mpaka mdomoni mwa glasi. Hiyo ni oksijeni, na kinachobaki chini ni maji. Aliyeifanya kazi ni katalesi. Glasi ya ini lililochemshwa imetulia, kwa sababu moto umekiharibu kimeng'enya. Kwenye seli za mshipa katalesi inasaidiana na vimeng'enya vya glutathioni.

Usiondoke hapa ukidhani peroksaidi ni sumu tupu. Ikiwa kidogo, seli zenyewe huitumia kupeana habari. Kichocheo cha VEGF, protini ya kuotesha mishipa ya damu, kinapoiambia seli ichipushe mshipa mpya, tuseme kwenye kidonda cha mguuni, seli hutoa peroksaidi kidogo, nayo huvizima kwa muda vimeng'enya vinavyofuta ujumbe huo. Ujumbe unadumu, kazi inaendelea. Halafu katalesi na wenzake wanaifagia. Ikizidi, au ikitokea mahali pasipo pake, inagusa protini na mafuta ya utando ambayo hayakuhusika kabisa.

Ukimaliza, mwaga glasi zote mbili na tupa ini, usimpe paka. Korosho zilizokuwa kwenye manila, kama hazikugusa peroksaidi, mpwa wangu tayari amezizunguka.