Kukereza Kalamu ya Nibu kwa Mpingo

Kamwene, ndugu mtazamaji. Leo hapa karakanani Mafinga tunakereza kalamu ya wino, ile ya nibu, yaani ncha ya chuma ya kuandikia, kuanzia kipande cha mti.

Huku tumezungukwa na misindano ya shamba la Sao Hill. Ni mbao nzuri ya kupaulia, lakini kwa kalamu ni laini mno, uzi wa kufungia kifuniko utabomoka mapema. Chukua mpingo mkavu. Mti huu ukiutupa majini unazama, na ugumu huo ndio unaoufanya ukubali uzi mwembamba. Mimi naomba mabaki kwa wachonga vinyago. Vaa barakoa, maana vumbi lake hukera ngozi na kifua.

Kata milimita 95 za mwili na 70 za kifuniko. Sehemu ya kushikia vidole usiifanye kwa mti, utanyonya wino. Tafuta ebonaiti, yaani mpira mgumu, au akriliki, aina ya plastiki.

Funga kipande cha mwili kwenye mashine, kikereze kiwe mviringo, kisha toboa kwa biti ya milimita 9, usitokeze upande wa pili. Hapa nawaomba sana, polepole. Ingiza biti kidogo, itoe, futa unga, ipoe, rudia. Kalamu yangu ya kwanza niliisukuma biti moja kwa moja. Mpingo ulipata moto sana, ukapasuka, na kazi ya asubuhi nzima ikaishia jikoni.

Kwa nini 9? Tepu yetu, chombo cha kukata uzi ndani ya tundu, ni ya milimita 10, na kutoka jino hadi jino la uzi ni milimita 1. Kumi toa moja. Kifuniko nacho: tepu ya 13, jino 0.8, kwa hiyo biti ni 12.2.

Kabla ya tepu, dondoshea supaglu nyepesi ndani ya tundu, iache ikauke kabisa. Hii ndiyo inayoshika nyuzinyuzi za mti zisimeguke. Zima mashine, zungusha tepu kwa mkono: nusu mzunguko mbele, robo nyuma.

Nje ya mdomo wa mwili, kereza hadi milimita 13 upitishe dai, chombo cha kukata uzi wa nje, ili kifuniko kifungwe hapo. Angalia ukuta uliobaki: milimita 2 tu kila upande, na uzi wa ndani na wa nje yote inakula humo humo. Venia, kile kipimo cha unene, isitoke mkononi.

Kishikio, ile sehemu ya vidole inayofungwa ndani ya mwili, kisizidi unene wa milimita 11.5, la sivyo hakitaingia kwenye kifuniko. Uzi wa kufungia nibu ndani ya kishikio upime kwenye kola, ile pete yenye uzi inayoshika nibu uliyonayo, usikisie.

Umbo ni hiari yako. Msasa 240 hadi 2000, kasi ndogo, umalizie na nta ya nyuki.

Funga nibu na pampu, vuta wino. Usiposhuka, osha nibu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, mara nyingi ni mafuta ya kiwandani. Haya, karatasi hii hapa. Sikiliza inavyoandika.