Povu Linalolinda Barafu: Mhadhara kwa Wavuvi na Mafundi wa Tanga

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Nimefurahi kuona wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea wamekaa pamoja na mafundi wa Ngamiani, maana jambo la leo ni lenu nyote.

Tazameni kasha hili la barafu. Limepasuka ubavuni, na kwenye ufa mnaona povu gumu la manjano. Sasa bonyezeni sponji hii ya godoro. Vyote viwili ni poliyurethani, aina ya plastiki, na hata gurudumu hili la toroli ni hiyohiyo.

Huanza kama vimiminika viwili, polioli na isosaianeti. Mwanakemia Otto Bayer na wenzake, huko Ujerumani mwaka 1937, ndio waliovikutanisha vikashikana kuwa minyororo mirefu. Polioli nyingi hutokana na petroli, ingawa mafuta yetu ya nyonyo nayo yanafaa. Minyororo ikifungana kwa vifundo vichache, kitu huwa laini. Vifundo vikiwa vingi, huwa kigumu. Ukitia maji kidogo, isosaianeti hutoa kaboni dayoksaidi, na mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi.

Vitundu vya sponji ya godoro viko wazi, hewa inapita. Vya kasha vimezibwa, kila kimoja na gesi yake ndani, na gesi hiyo ndiyo inayozuia joto lisifikie barafu yenu. Friji na vyumba vya baridi vya samaki vinategemea povu la namna hiyohiyo. Basi ufa huu msiupuuze. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko povu hili. Yakiingia kwenye ufa na kuliloweka povu, kasha linakuwa zito na barafu inaisha kabla ya mnada. Likaushwe kabisa kwanza, ndipo lizibwe.

Mafundi, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Poliyurethani ikishaganda vizuri haina shida kuigusa. Hatari iko kwenye isosaianeti kabla haijaganda, hasa inapopulizwa. Nilifanya kazi na kijana aliyepuliza povu katika karakana isiyo na madirisha, kitambaa tu puani. Kifua kilianza kumbana usiku, tukadhani ni mafua. Ilikuwa pumu ya kazini, na mwili ukishaikataa kemikali hii, hata chembe ndogo humrudisha mtu kulekule. Aliacha ufundi. Kitambaa hakizuii mvuke. Ninyi wa rangi za magari, hadina, yaani dawa ya kugandisha rangi mnayochanganya, mara nyingi ina isosaianeti. Vaeni barakoa ya kemikali yenye vichujio vinavyofaa, glavu, na fanyeni kazi penye hewa.

Tena msichome mabaki ya sponji, wala msichomelee vyuma karibu nayo. Moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi, zote sumu.

Sasa twendeni uani nichanganye kikombe kimoja mwone linavyoumuka. Simameni upande upepo unakotokea, watoto wabaki huku ndani.