Waini nyekundu za bei ya kueleweka: mfuate jirani wa maarufu

NEEMA: Haya karibuni tena, leo tunaongelea waini nyekundu, afu sio zile za kupigia picha, ni zile ambazo ukitoa hela yako unaona kabisa imeenda kwenye glasi. Niko na kaka Deo hapa, kama kawaida kaja na ubishi wake.

DEO: Ubishi gani tena dada, mi nimekuja na swali tu. Mtu kasimama mbele ya rafu, chupa zimepangwa mpaka juu, Kifaransa huku Kiitaliano kule, mwisho wa siku anachukua ya bei ya katikati kwa sababu hataki kuonekana bahili na kufilisika nako hataki. Huyo kakosea?

NEEMA: Hajakosea sana. Unajua ile chupa ya chini kabisa, hela yake karibu yote inaliwa na kodi, chupa yenyewe, kizibo, lebo, usafiri, faida ya muuzaji, na hivyo vitu havijali ndani kuna nini, gharama yake ni ile ile. Kwa hiyo ukiongeza kidogo tu, sehemu kubwa ya hiyo nyongeza inaenda kwenye zabibu. Ukitoka ngazi ya chini ukapanda moja au mbili, tofauti unaisikia mdomoni kabisa. Ila ukiendelea kupanda tu, unapanda unapanda, unafika mahali unalipia vitu vingine.

DEO: Unalipia jina.

NEEMA: Jina, uchache, ardhi, na mapipa. Pipa la Bordeaux, mkoa wa waini kule Ufaransa, la lita 225 linatoa chupa 300 tu, na ile harufu ya mwaloni, mti wa pipa lenyewe, vanila vanila ile, inatoka kwa nguvu misimu michache ya mwanzo halafu inaisha. Mashamba makubwa yenye majina yapo yanayonunua mapipa mapya kila mwaka. Anaelipa nani? Wewe.

DEO: Ndo maana mi napenda ule utafiti wa 2008, ule wa watu kuonja bila kujua bei. Zaidi ya maonjo 6,000, na watu wa kawaida kwa wastani wakazipenda za ghali pungufu kidogo kuliko za rahisi. Hiyo ndo silaha yangu kwenye kila mjadala.

NEEMA: Itumie yote basi usiikate nusu. Waliosomea waini kwao haikuwa hivyo.

DEO: Mi sijasomea!

NEEMA: (anacheka) Haya. Twende kwenye mikoa sasa. Mi kanuni yangu ni moja, tafuta jina kubwa, halafu usilinunue, nunua jirani yake. Mfano mzuri kuliko yote ni bonde la Rhône kule Ufaransa, upande wa kusini. Pale kuna Châteauneuf-du-Pape, kila mtu anaijua, bei yake nayo unaijua. Sasa zunguka pembeni kidogo tu, zabibu ni zile zile, Grenache, Syrah, Mourvèdre, jua lile lile, ila lebo inasema Vacqueyras, au Cairanne, au Rasteau. Bei inashuka vizuri.

DEO: Na Gigondas?

NEEMA: Gigondas ilikuwa jirani, sasa hivi imeshakuwa tajiri. Na hapo ndo patamu, manake haya majina yanapanda daraja yakionekana. Gigondas ilipata hadhi ya kujitegemea 1971, Vacqueyras 1990, Cairanne juzi juzi tu 2016. Kabla ya hapo zote zilikuwa zinauzwa chini ya mwamvuli wa Côtes du Rhône Villages. Kwa hiyo mi leo naangalia vile vijiji ambavyo bado viko chini ya huo mwamvuli, Séguret, Sablet, Visan, Plan de Dieu. Ukiona Côtes du Rhône Villages halafu na jina la kijiji limefuata, chukua, mara nyingi hutajuta.

DEO: Bordeaux je? Kule si ndo kwenye ule mpangilio wa madaraja?

NEEMA: Wa 1855, eeh. Kulikuwa na maonyesho makubwa Paris, Napoleon III akataka orodha, madalali wa waini wakakaa chini wakapanga mashamba madaraja matano, na unajua walipanga kwa kigezo gani? Bei! Bei zilizokuwa sokoni. Yaani walichukua zilizokuwa ghali wakasema hizi ndo bora, na orodha imekaa hivyo hivyo mpaka leo, badiliko kubwa ni moja tu, shamba la Mouton Rothschild kupandishwa daraja la kwanza 1973.

DEO: Kwa hiyo ukilipa bei kwa sababu ya daraja, na daraja lenyewe lilitokana na bei…

NEEMA: Unazunguka mti. Sisemi zile waini ni mbaya, sio mbaya hata kidogo, nasema tu sio zetu. Kule Bordeaux we nenda ng'ambo ya kulia ya mto, kuna Castillon imepakana kabisa na Saint-Émilion, udongo wa chokaa unaendelea tu, zabibu Merlot kwa wingi, na Fronsac iko hapo hapo karibu. Hizo ndo Bordeaux za mtu wa kawaida. Bourgogne, mkoa mwingine wa Ufaransa, tuiruke, kule waini ya zabibu ya Pinot Noir ya bei rahisi huwa nyembamba, na iliyo nzuri sio ya bei rahisi.

DEO: Umeiruka kwa haraka sana aisee, kuna watu watakasirika.

NEEMA: Wakasirike tu. Badala yake washuke kusini kidogo, Beaujolais. Zabibu inaitwa Gamay, ilidharauliwa tangu zamani, mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne aliipiga marufuku kwenye eneo lake. Na watu wengi wanaijua Beaujolais kwa ile changa inayotolewa Alhamisi ya tatu ya Novemba, ambayo ni kweli kabisa ni waini ya kuchangamkia sherehe tu. Lakini kuna maeneo kumi ya juu, Morgon, Fleurie, Moulin-à-Vent, Brouilly na wenzake, haya lebo yake mara nyingi hata haiandiki Beaujolais kwa herufi kubwa, inaandika Morgon basi. Ukionja Morgon nzuri yenye miaka mitatu minne hivi unashangaa kwa nini bei yake iko pale. Matunda yapo, uchachu upo wa kutosha, ukakasi kidogo sana.

DEO: Hapo kwenye ukakasi eleza, manake kuna watu wanadhani waini ikikausha mdomo imeharibika.

NEEMA: Aa, hapana. Ile ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwenye mwaloni pia. Ni kama chai iliyokolea majani ukainywa bila sukari wala maziwa, fizi zinajikunja. Kwenye waini nzuri inakushika halafu inaachia, kwenye mbaya inabaki imekwaruza tu na chungu nyuma ya ulimi.

DEO: Sasa mi nataka tuhamie Hispania kabla muda haujaisha, kwa sababu huko ndo nyumbani kwangu kiwaini. Rioja. Na nitakwambia kwa nini, kule wao wanakutunzia waini mpaka imekomaa ndo wanakuuzia. Crianza ina angalau miaka 2, mmoja wapo kwenye pipa. Reserva miaka 3. Gran Reserva 5! Hiyo ni sheria, sio maneno ya matangazo. Nani mwingine anakuwekea waini miaka mitano halafu anakuuzia kwa bei ile?

NEEMA: Hapo nakubali. Na tena wamerahisisha, geuza chupa angalia mgongoni, kuna kile kistika kidogo cha Rioja chenye namba. Cha kijani ni ya kawaida isiyofungwa na muda, chekundu ni Crianza, cha rangi ya damu ya mzee ni Reserva, cha bluu ni Gran Reserva. Hata kama husomi Kihispania unasoma rangi.

DEO: Mi naishia Reserva. Ila angalizo hapo watu wangu, hilo neno Reserva lina meno Hispania, na Italia likiandikwa Riserva lina meno pia. Ukilikuta kwenye chupa ya Marekani imeandikwa Reserve, sheria ya nchi nzima haijalifunga na kitu, mtengenezaji anaweza kuandika akijisikia.

NEEMA: Na wengi wanajisikia. (wote wanacheka) Ila kaka, Hispania sio Rioja tu. Garnacha, ndo Grenache kwa jina la kwao, za Campo de Borja na Calatayud, mizabibu mizee imejikunja huko kwenye ukame, inazaa kidogo lakini ina utamu wa matunda balaa. Na Jumilla, zabibu ya Monastrell, ambayo ndo ile ile Mourvèdre ya Rhône kwa jina la kwao. Hizi kwangu ndo bei chee ya kweli Ulaya nzima, zikichuana labda na Ureno.

DEO: Ureno watu wanaiogopa, majina magumu.

NEEMA: Ndo faida yenyewe hiyo! Zabibu kama Touriga Nacional, Tinta Roriz, Baga, nani anazijua? Kila mtu duniani anaomba Cabernet, kwa hiyo hizi zinabaki zikitafuta mtu. Bonde la Douro mipaka yake ilichorwa 1756, ni eneo la zamani kweli kweli, milima mikali mashamba ni ngazi ngazi, kazi kubwa inafanywa kwa mkono, na bado waini yake nyekundu kavu unaipata kwa bei ambayo ukifikiria ile jasho unaona aibu. Ukitaka yenye ulaini zaidi nenda Alentejo, ukitaka iliyotulia yenye uchachu, Dão.

DEO: Italia?

NEEMA: Italia utumie kanuni ya mdogo mtu. Barolo, waini yenye jina kubwa ya zabibu ya Nebbiolo, inakaa miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo kwenye mbao. Sasa tafuta Langhe Nebbiolo, ni zabibu ile ile, saa nyingine mkulima ni yule yule, haijalazwa muda wote huo tu. Brunello, ile kubwa ya Montalcino, ndo usiseme, inatoka mwaka wa tano baada ya mavuno, mdogo wake Rosso di Montalcino anatoka baada ya mwaka mmoja hivi. Na mi kwa maoni yangu mtu anaeanza asiguse Barolo kabisa, ina ukakasi mkali, ataichukia bure na hela yake imekwenda.

DEO: Hapo unazingua dada, mtu akipata Barolo aiache?

NEEMA: Akipewa anywe! Nasema asinunue.

DEO: Sawa, kusini mwa dunia sasa. Chile wana ile hadithi ya Carmenère ambayo hainichoshi. Miaka na miaka walikuwa wanauza Merlot, kila mtu anasema mbona Merlot ya Chile ina harufu ya pilipili hoho mbichi, mwaka 1994 akaja mtaalamu wa mizabibu Mfaransa, Jean-Michel Boursiquot, akatembea shambani akawaambia sehemu ya hii sio Merlot jamani, hii ni Carmenère, zabibu ya zamani ya Bordeaux ambayo kule ilishakaribia kupotea baada ya wadudu wa filoksera.

NEEMA: Na ile harufu ya hoho ilikuwa kwa sababu Carmenère inaiva wiki kadhaa baada ya Merlot, wao walikuwa wanavuna pamoja, kwa hiyo nusu mbichi. Siku hizi wanaisubiri, inakuja na kakao, viungo, laini sana. Kwa anaeanza, mi nampeleka Chile moja kwa moja. Argentina na zabibu yao ya Malbec pia sawa, ila angalia zile za bonde la Uco huko Mendoza, mashamba yako mita 1,000 na zaidi, usiku baridi, uchachu unabaki. Zile za chini kwenye joto zinakuwa nzito nzito, glasi ya pili umeshachoka.

DEO: Mi sichoki.

NEEMA: Wewe unapenda nguvu, unasoma asilimia ya kilevi kabla ya jina.

DEO: (anacheka) Asilimia 14.5 hiyo ni taarifa muhimu! Haya na Afrika Kusini, zabibu yao ya Pinotage, nauliza tu.

NEEMA: Usiniangalie hivyo, mi naitetea. Profesa Abraham Perold aliichanganya 1925, Pinot Noir na Cinsault. Ikitengenezwa vibaya kweli inanuka rangi ya ukuta, lakini waliotulia nayo wanatoa kitu kizuri sana. Ila kama huitaki chukua Cinsault ya mizabibu mizee, kuna chupa zina muhuri wa mashamba yenye miaka 35 kwenda juu, na muhuri unaonyesha mwaka yalipopandwa. Nyepesi, yenye harufu, na watu hawaigombanii.

DEO: Nitajaribu hiyo Cinsault, Pinotage bado hapana. Na vipi kuhusu zile chupa nzito zenye shimo refu chini?

NEEMA: Uzito wa chupa ni kioo umekinunua. Kizibo cha kuzungusha nacho kisikutishe, hicho walau hakikuletei ile harufu ya kadibodi iliyolowa ambayo kizibo kibovu cha gome la mti kinaleta. Kitu ambacho watu hawafanyi na ni bure kabisa ni ubaridi. Waini nyekundu ikiwa ya moto kilevi kinapanda puani, matunda yanalala, hata chupa nzuri inaonekana mbovu. Nzito inataka nyuzi 16 mpaka 18, nyepesi kama Gamay na Cinsault 12 mpaka 14.

DEO: Kwa hiyo hata nyekundu inaingia friji.

NEEMA: Inaingia, dakika 20 hivi kabla ya kumimina kama nyumba ina joto. Na ikibaki nusu ifunge uirudishe humo humo, siku mbili tatu itakuwa bado inanyweka.

DEO: Ya mwisho. Chupa moja tu, mgeni anakuja, humjui anapenda nini. Mi natoa Rioja Reserva, wewe?

NEEMA: Morgon. Ya kwako akiwa hapendi mwaloni umeishamkosa.

DEO: Na ya kwako akipenda nguvu atauliza kama ni juisi.

NEEMA: Basi fungueni zote mbili, na mtuandikie ipi iliisha kwanza.