Risasi, Ganda, Baruti, Fataki: Kipi Kinapanda Ndege na Kipi Kinabaki Nyumbani

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina mzani wa jikoni, kasha la plastiki, begi langu la mgongoni, na risasi moja ya milimita 9 ambayo nimeivunja mwenyewe ili mwone tumbo lake. Bastola haimo humu chumbani, iko kabatini na kufuli yake.

Kwa mgeni wa chaneli: naishi Texas, wikendi naenda kulenga shabaha, na risasi zangu nyingi najaza mwenyewe, yaani naziunda upya nyumbani kwa maganda yaliyokwisha kutumika. Kwa hiyo sheria nitakazozieleza ni za Marekani, za TSA, wale wakaguzi wa usalama viwanja vya ndege, na wale wa usafiri wa anga, FAA. Ukivuka mpaka mambo yanabadilika, tutafika huko.

Nasogeza kamera. Tazameni vipande hivi vinne. Sisi Waswahili vyote tunaviita risasi, na kizaazaa cha uwanja wa ndege huanzia hapo hapo. Hiki chenye ncha ni kichwa, ndicho kinachoruka. Hiki cha shaba ni ganda. Hizi punje nyeusi zinazofanana na mbegu za mchicha ni baruti. Na hiki kidogo kama kifungo cha shati la mtoto, kimekaa katikati ya kitako cha ganda, ni fataki. Watanzania msicheke, sisemi yule fataki wa matangazo ya redio, mtu mzima anayetongoza wasichana wadogo. Fataki ni neno la zamani la wenye magobore: ukiigonga inatoa cheche, cheche inawasha baruti.

Sasa jambo ambalo watu hubishana nami hadi usiku: risasi nzima, iliyoshikamana, inaruhusiwa kupanda ndege kwenye mzigo wa kukabidhi. Ukiivunja ukabeba baruti peke yake, hairuhusiwi. Fataki peke yake, hairuhusiwi. Si mkononi, si tumboni mwa ndege, hata ukitangaza, hata ikiwa gramu tano.

Ukiisikia mara ya kwanza unaona kama mzaha, lakini sababu yake ni ya kisayansi. Vilipuzi hupangwa kwa madaraja kufuatana na kinachotokea vikishika moto vikiwa ndani ya kifungashio. Risasi nzima za silaha ndogo ziko daraja la 1.4S, yaani zikiwaka ndani ya boksi lake, madhara yanabaki karibu na boksi. Moja ikipasuka nje ya mtutu, ganda linachanika, kichwa kinasogea kidogo, basi. Baruti tupu haina ganda la kuigawa kidogo kidogo. Kopo zima linashika moto kwa pamoja, na ndani ya ndege hakuna pa kukimbilia. Fataki nazo zimetengenezwa zilipuke kwa kugongwa. Zikirundikwa ndani ya chupa, moja ikilipuka inaamsha wenzake. Ruhusa ya abiria inataja risasi nzima tu, basi.

Hatua ya kwanza, kabla hata ya kukata tiketi: amua unabeba nini. Kama unaenda mashindanoni jimbo jingine na unapenda kujaza risasi zako, zijaze nyumbani usafiri nazo zikiwa kamili. Kama lazima ujazie huko huko, baruti na fataki nunua huko huko. Usijaribu kujitumia kwa posta, maana posta ya Marekani haipokei risasi, fataki wala baruti. Maduka hutuma kwa malori kupitia kampuni za vifurushi, kwa utaratibu wa mizigo ya hatari.

Hatua ya pili, maganda. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu wajazaji hatupendi kuyaacha, shaba ni pesa. Ganda tupu linaruhusiwa, hata mkononi, mradi halina kichwa na fataki yake imetolewa au imekwisha kupigwa. Unajuaje? Ligeuze. Hili la kushoto, mnaona kidimbwi katikati ya kitako? Hapo pini ya bastola ilipogonga. Limekwisha kazi. Hili la kulia kitako chake kinang'aa, laini, hakina alama. Hakuna baruti ndani, hakuna kichwa, ukilitikisa halina kitu, lakini fataki ni mpya, niliipachika Jumapili. Hili haliruhusiwi kabisa, si mkononi, si kwenye mzigo. Wengi wananasa hapa kwa sababu jicho linaona ganda tupu tu. Mimi nayatoa fataki yote kwanza, kitako kinabaki na tundu unaloweza kuchungulia upande wa pili, halafu nayaosha. Afisa akiona tundu hana cha kuuliza.

Na hata hivyo, ushauri wangu ni kuyaweka kwenye mzigo wa kukabidhi. Kwenye eksirei mfuko wa maganda mia mbili ni doa moja jeusi, na wewe utasimama hapo huku wakiyamwaga moja moja. Vichwa peke yake navyo ni vipande vya madini tu, havilipuki. Viweke huko huko. Afisa wa mwisho langoni ndiye mwenye kauli, kwa hiyo usimpe kazi ya kufikiri.

Hatua ya tatu, kufungasha risasi nzima. Ni za mzigo wa kukabidhi tu, kamwe si mkononi. Mwisho wa ukubwa ni kalibari .75, yaani upana wa robo tatu ya inchi, na za shotigani zinaruhusiwa za ukubwa wowote. Ziwe ndani ya kasha la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma lililotengenezwa kwa kubebea risasi, kama hili lenye vitundu, kila moja inakaa kwenye nyumba yake. Mfuko wa plastiki wa supamaketi, hapana. Soksi, hapana, na usiulize kwa nini nimeitaja soksi. Baadhi ya mashirika ya ndege yanataka boksi la kiwandani, ndiyo maana nawaambia wajazaji wenzangu wasome tovuti ya shirika lao kabla ya kufika kaunta.

Uzito: TSA haitaji kikomo, lakini mashirika mengi yanashika kilo 5, paundi 11, kwa abiria mmoja, pamoja na vifungashio. Naweka boksi moja la 50 juu ya mzani... gramu 620 na ushee. Kwa hiyo mabox manane, risasi 400, ndiyo mwisho wako. Za shotigani ni nzito, mabox manne ya 25 yanakaribia kikomo. Ukisafiri na mkeo, kilo zake hamchanganyi kwenye kasha lako.

Kama unabeba na silaha: iwe haina risasi, ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, ufunguo unabaki nao wewe. Risasi zilizofungashwa vizuri zinaweza kukaa ndani ya sanduku hilo hilo. Magazini nazo, vile vibebeo vya risasi vinavyochomekwa kwenye silaha, hata zikiwa tupu, si za mkononi.

Hatua ya nne ndiyo iliyoniumiza mimi. Begi hili mnaloliona. Jumamosi nilikuwa nalo uwanja wa shabaha, Jumatatu alfajiri nikatia ndani chaji na sweta nikakimbilia ndege. Mashine ikasimama. Afisa akarudisha mkanda, akapeleka tena, akamwita mwenzake. Risasi moja, milimita 9, ilikuwa imezama chini ya bitana ya mfuko wa pembeni kupitia tundu la ncha ya kidole. Tundu lenyewe hili hapa, sikulishona makusudi. Wakanipangusa viganja na kitambaa chao cha kunusa baruti. Baada ya shabaha unategemea nini? Mashine ikalia. Walinisikiliza kwa adabu, lakini ndege haikunisubiri, na faini ya barua ilinifuata nyumbani.

Kwa hiyo fanya hivi. Begi la shabaha lisiwe begi la safari. Kama huna jingine, ligeuze ndani nje, kama unavyogeuza suruali kabla ya kufua. Pitisha vidole kwenye kila mshono. Likung'ute juu ya shuka jeupe, punje za baruti utaziona. Halafu nawa mikono kwa sabuni na ubadilishe nguo. Mwaka 2024 TSA ilikamata silaha 6,678 kwenye vizuizi vyake, nyingi zikiwa na risasi ndani, na wimbo wa wenyewe karibu kila mara ni ule ule: nilisahau.

Kusahau ndani ya Marekani ni faini na aibu. Ukivuka mpaka, balaa. Visiwa vya Turks na Caicos, huko Karibi, mwaka huo huo wa 2024, Wamarekani kadhaa walikamatwa kwa risasi chache zilizosahaulika mizigoni. Adhabu ya chini kwenye vitabu vya sheria ilikuwa miaka 12 jela. Mahakama ilikubali kwamba mazingira yao ni ya kipekee, ikawapunguzia adhabu, lakini kabla ya hapo walishakaa kisiwani wiki nyingi, wengine miezi, wakiwa mbali na familia zao.

Nyumbani je? Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kibali unakipata kabla ya kusafiri, hukiombi ukiwa umeshashuka Dar. Wawindaji wa kitalii wanaoleta raifo zao huwa na makaratasi mkononi tangu walikotoka. Kumbuka pia unapobadilishia ndege, Doha au Dubai, nako kuna sheria zao. Kile kishikio cha funguo cha ganda la risasi ulichopewa zawadi, kiache mezani. Marekani kinapita, huko utakieleza kwa askari ambaye hajawahi kusikia habari ya kujaza risasi.

Hatua ya mwisho, siku yenyewe. Fika mapema, usitumie mashine ya kujihudumia, nenda kaunta kwa mtu. Sema taratibu: "Nina risasi za kutangaza kwenye mzigo huu." Usianze na "nina bunduki" kwa sauti ya sokoni. Subiri karibu hadi wakwambie mzigo umepita, maana wakitaka kufungua watakuita.

Na yule ndugu aliyeniandikia kwamba baba yake mdogo Tabora ana gobore na anataka aletewe kopo moja la fataki kutoka Texas: hapana, ndugu yangu. Si mkononi, si kwenye sanduku, si kwa posta. Mnunulie mzee viatu.