Mgombea Anayetabasamu Wakati wa Ukata

REHEMA: Karibuni tena. Leo mnatukuta katikati ya ubishi. Kaka Baraka anasema mgombea anayehubiri matumaini na umoja wakati watu wana njaa ni tapeli.

BARAKA: Sikusema tapeli, dada. Nilisema nikimsikia naushika mfuko wangu.

REHEMA: (anacheka) Tofauti iko wapi?

BARAKA: Haya, tapeli basi. Lakini fikiria: mtu kapoteza kazi, ada ya watoto haijalipwa, halafu anapanda mtu jukwaani na fulana mpya kumwimbia kwamba kesho ni njema. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Yalimkuta James Callaghan.

REHEMA: Waziri mkuu wa Uingereza.

BARAKA: Enhe. Januari 1979, nchi imejaa migomo, yeye anarudi kutoka mkutano Guadeloupe, kisiwa cha jua. Waandishi wanambana uwanja wa ndege, naye anawajibu kwa utulivu kwamba haamini watu wengine duniani wataona kuna vurugu inayozidi nchini. Kesho yake gazeti la The Sun likatoka na kichwa: "Mgogoro? Mgogoro gani?" Mei akabwagwa na Margaret Thatcher.

REHEMA: Na maneno yale hakuyasema.

BARAKA: Hakuyasema hata kidogo! Lakini yalimganda, maana yalifanana na uso alioshuka nao kwenye ndege.

REHEMA: Hapo sina ubishi. Ila Callaghan alikuwa ndani ya serikali. Aliye madarakani akisema mambo si mabaya, anajitetea. Tatizo lake halikuwa matumaini, ni kwamba aliyaanzia mwisho. Mtazame Franklin Roosevelt, 4 Machi 1933, siku anaapishwa kuwa rais wa Marekani. Karibu robo ya wafanyakazi wa nchi hiyo hawana ajira, benki zinafungwa jimbo baada ya jimbo. Kila mtu anaikumbuka ile kauli yake kwamba cha kuogopa ni woga wenyewe.

BARAKA: Imeshachosha hiyo.

REHEMA: Imechosha kwa sababu watu wanaikata hapo. Endelea kusoma hotuba. Anataja kodi zilizopanda, viwanda vilivyonyauka, wakulima wasio na soko, akiba ya miaka mingi iliyoyeyuka. Halafu anasema ni mwenye matumaini ya kipumbavu tu anayeweza kukana giza la wakati huo. Mtu huyohuyo tunayemwita baba wa matumaini! Alihesabu machungu ya watu mbele yao, moja moja, kisha ndipo akaomba waaminiane.

BARAKA: Na wakaamini?

REHEMA: Siku nane baadaye akaingia redioni kueleza, kama mwalimu wa darasa la tano, kwamba pesa unayoweka benki haikai kabatini, inakopeshwa. Benki zilipofunguliwa, watu walipanga foleni kurudisha hela walizokuwa wamezitoa.

BARAKA: Nzuri. Ila umenipiga chenga, dada. Huyo Roosevelt wako keshashinda. Sisi tunaongelea kampeni.

REHEMA: Umenishika. Basi twende Chile, 1988.

BARAKA: Kwa Pinochet, yule dikteta wa kijeshi.

REHEMA: Anatawala tangu mapinduzi ya 1973. Kura ni ya maneno mawili: Ndiyo, aendelee miaka minane mingine, Hapana, aondoke. Upinzani unapewa dakika 15 za televisheni kila siku, usiku sana, na upande wa serikali dakika 15. Wewe ungeonyesha nini?

BARAKA: Maiti. Magereza. Waliopotezwa. Miaka 15 mmenyamazishwa, mnapata dakika zenu, mnacheza ngoma?

REHEMA: Na wengi upande wa Hapana waliwaza hivyohivyo. Ila wapiga kura walikuwa na woga, na wengine waliona kura itaibwa tu. Mwenye woga ukimwonyesha maiti kila usiku, humpeleki kituoni. Unamfungia ndani. Wakachagua kaulimbiu ya furaha: "Chile, furaha inakuja". Nembo yao ikawa upinde wa mvua, maana muungano ulikuwa na vyama zaidi ya kumi, kila kimoja na rangi yake. Hakuna aliyeambiwa avue rangi.

BARAKA: Bado nasikia tangazo la soda.

REHEMA: Subiri. Kuna cueca, ngoma yao ya taifa, huchezwa na wawili, mwanamume na mwanamke. Katika kipindi kimojawapo walitokea wanawake ambao ndugu na waume zao walipotezwa na utawala. Wakaicheza peke yao. Mkono una leso, mbele hakuna mtu.

BARAKA: (kimya) ...Hilo si tangazo la soda.

REHEMA: Ndiyo maana furaha yao haikunuka uongo. Maumivu yalikuwemo, lakini hayakuachiwa usukani. Tarehe 5 Oktoba, Hapana ikapata karibu asilimia 56.

BARAKA: Sawa, matumaini nakuachia. Umoja sikuachii. Umoja wa kumpinga mtu ni rahisi. Kenya 2002, muungano wa NARC, watu wanaimba yote yawezekana bila Moi, Mwai Kibaki anapata asilimia 62. Palikuwa na matumaini pale ya kuuza nje ya nchi. Mwaka haukuisha wakubwa wakaanza kuvutana juu ya makubaliano ya kugawana vyeo. Kufika Novemba 2005, kura ya maoni ya katiba, mawaziri wa serikali moja wako pande mbili, hawa na alama ya ndizi, wale na chungwa.

REHEMA: Kwa sababu kilichowaunganisha kiliondoka siku ya kuapishwa. Wale wa Chile walisimamisha mgombea mmoja 1989, Patricio Aylwin, wakiwa na programu ya pamoja, na muungano ukakaa Ikulu kuanzia 1990 hadi 2010. Miaka 20.

BARAKA: Dada, na Pinochet alikwenda wapi?

REHEMA: Alibaki mkuu wa jeshi.

BARAKA: Hadi lini?

REHEMA: ...1998.

BARAKA: Unaona? Adui hakuhama nyumba, alihamia chumba cha pili. Adui akiwa chumba cha pili, hata mimi ningeelewana na ndugu zangu wote.

REHEMA: Kwa hiyo unadai waliungana kwa hofu, si kwa upinde wa mvua?

BARAKA: Nadai hujanithibitishia kinyume chake.

REHEMA: Miaka 12 baada ya yeye kuacha jeshi, bado walikuwa pamoja.

BARAKA: Mmh. Hiyo miaka 12 nipe wiki moja niitafutie jibu.